Bustani yangu ya mboga ilikufa mara tano hapa Dar. Ya sita imekubali baada ya kuanza kuikagua miche iliyokufa

#1 Mtoa mada (Kunduchi)

Habari za majukumu wanajamvi. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, siandiki sana. Leo nimeona nilete changu, maana kila nikipita nakuta mtu anauliza kwa nini mboga zake zinakufa, na majibu ni yale yale: badilisha mbegu, ongeza mbolea, piga dawa. Mimi nimebadilisha mbegu, nimeongeza mbolea, nimepiga dawa, na bustani ikafa mara tano. Sasa hivi nina matuta sita nyuma ya nyumba na mchicha wa sokoni sijaununua muda mrefu. Nitaeleza yote, na mahali nilipokosea nitapataja, ili mwenye tatizo kama langu asipoteze miaka miwili niliyopoteza mimi.

Ninakaa Kunduchi, nyumba ya kupanga. Uwanja wa nyuma ni kama hatua kumi na mbili kwa nane. Udongo ni mchanga ule mweupe wa pwani: ukimwaga ndoo ya maji inanywewa palepale, na saa moja baadaye juu pameshakauka. Mama mkwe wangu ni wa Lushoto. Alipokuja kututembelea alitoka uani asubuhi, akapatazama, akaniuliza, "Mwanangu, uwanja wote huu na mchicha mnanunua?" Ndiyo ukawa mwanzo.

Nilipanda Oktoba 2022. Wenye kumbukumbu wanajua mwisho wa mwaka ule ulikuwaje hapa mjini: vuli haikuja, Mto Ruvu ukashuka, maji ya bomba yakawa ya mgao. Bustani nikaimwagilia maji ya kisima cha hapo nyumbani. Maji hayo tunafulia na kuoshea vyombo, ila hatunywi kwa sababu yana chumvi. Halikunijia kabisa kichwani kwamba mchicha nao unayanywa.

Mchicha ukaota kwa mabaka. Huku miche imesongamana, kule hakuna kitu. Ulioota ukafika urefu wa kidole, ukadumaa. Sukuma wiki niliyoihamishia ikaanza kuungua pembezoni mwa majani, kahawia ya karatasi iliyopitishwa juu ya moto, inaanzia nchani inaingia ndani. Mchana inalegea, na udongo ukiushika una unyevu. Nikasema ni kiu, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Kumbe kila keni niliyomimina nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi.

Nikang'oa, nikatupa, nikaenda Tegeta kununua mbegu za kopo badala ya zile za kupimiwa kwa kijiko. Nikapanda tena. Kufika Januari 2023 hali ni ile ile. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia bustani ikiwa wazi mbele ya macho ya watu haistawi, niizibe. Nikazungushia turubai. Nikawa nimeongeza kivuli, na miche ikafa vilevile.

Mara ya tatu ni masika ya 2023. Hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Mvua zilikuja, miche ikachangamka mno, chainizi ikatoa majani mapana mpaka nikapiga picha nikamtumia mama mkwe. Nikataka iende mbele zaidi. Kuna mtu wa mtaani anafuga kuku wa nyama, akanipa viroba viwili vya mbolea bure. Ilikuwa mbichi, imetoka bandani siku hiyo hiyo, harufu yake inachoma macho. Nikaweka konzi moja moja shingoni mwa kila mche. Siku ya nne majani yamekuwa njano, na pale shina linapokutana na udongo pameungua, pamekuwa pembamba kama uzi. Miche ilianguka mmoja mmoja. Sikuokoa hata mmoja.

Naomba nimhudumie mtoto, nakuja kuendelea.

#2 Mchangiaji (Mbagala)

Nasubiri dada. Hapo kwa mbolea ya kuku umenigusa, mimi iliniunguzia nyanya chungu zote na nikadhani ni ugonjwa.

#3 Mchangiaji (Kitunda)

Tuko pamoja. Ila mkuu mchanga wa Kunduchi na udongo wa huku kwetu ni vitu viwili. Huku ukichimba kidogo unakuta tope. Taja na udongo tafadhali, ili tusije tukaiga kisichotuhusu.

#4 Mtoa mada (Kunduchi)

Nimerudi. Mkuu wa Kitunda uko sahihi, kila nitakachosema kipime na ardhi yako.

Mara ya nne na ya tano zilikuwa nyanya. Mwishoni mwa 2023 zilikuja zile mvua za El Niño, nyote mnazikumbuka. Nilikuwa na miche arobaini, imefungwa kwenye miti vizuri, mingine imeanza kutoa maua. Asubuhi moja nikakuta minne imelegea, majani bado mabichi ya kijani, hayajageuka njano hata kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Jioni ikasimama kidogo. Kesho yake imelala moja kwa moja, na mingine sita imeanza. Ndani ya wiki mbili nilibaki na miche mitano. Nikapiga dawa ya ukungu mara tatu kwa ushauri wa dukani. Haikusaidia lolote. Februari 2024 nikapanda nyanya nyingine palepale, kwenye mashimo yale yale, kwa kuwa nilishayaandaa na sikutaka jasho lile lipotee. Zikafa kwa mtindo ule ule, na mapema zaidi.

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nikaamini mimi sina mkono wa kupanda. Kuna watu tumeambiwa hivyo tangu utotoni, fulani akichomeka kijiti kinaota, fulani akipanda kinakufa. Nikaliacha eneo, majani yakaota yenyewe, na yalistawi kweli.

Agosti ile nilipanda treni ya SGR, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza safari, nikaenda Morogoro kwa dada yangu. Ilikuwa wiki ya Nane Nane, tukaenda viwanjani. Kwenye banda moja la mboga nikamkuta kijana, mwanafunzi wa kilimo, nikamsimulia huku nikitegemea anitajie dawa. Hakutaja. Akaniuliza: "Mizizi ilikuwaje?" Sijui. "Shina ulilikata ukaona nini ndani?" Sikulikata. "Udongo wa juu ukikauka unabaki na rangi gani?" Mweupe, si ni mchanga. "Mweupe wa mchanga au mweupe wa unga unga?" Nikanyamaza. Akasema, "Mama, ungekuja na mche mmoja uliokufa tungejua leo hii hii."

Miche yangu yote iliyokufa kwa miaka miwili niliitupa jalalani bila kuitazama. Nilikuwa naona uchungu kuitazama. Kijana yule alinifundisha mambo matatu ya kuangalia, na nitayaeleza kwa namna nilivyoyafanya mwenyewe nyumbani, maana ndiyo yaliyonitoa.

Kwanza chumvi. Niliporudi nilichukua sufuria safi, nikaweka maji ya kisima, nikayachemsha mpaka yakakauka kabisa. Chini pakabaki ukoko mweupe, mzito, unaokwanguka kwa kucha. Nikafanya hivyo na maji ya bomba kiasi kile kile: alama hafifu tu, ya kufutika kwa kitambaa. Nikaenda uani kwenye tuta la zamani, nikainama. Kweli, pembezoni mwa tuta palikuwa na utando wa unga mweupe juu ya mchanga. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Baadaye rafiki yangu anayefuga samaki alinisaidia kupima kwa kile kifaa cha kuchovya. Kisima chetu kilisoma desisimensi 3.2 kwa mita, hicho ndicho kipimo cha chumvi kwenye maji, namba ikipanda na chumvi imepanda. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu maji ya umwagiliaji unasema chini ya 0.7 hayana shida, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, zaidi ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Maharage, karoti na vitunguu huanza kushuka mavuno udongo ukiwa na chumvi kidogo tu. Nyanya inavumilia kiasi. Spinachi hii yetu yenye bua nene, ambayo ni ndugu wa kiazisukari, inavumilia zaidi. Na hapo nikaelewa kwa nini miche ilinyauka udongo ukiwa na maji: maji yakiwa na chumvi nyingi mzizi unashindwa kuyavuta. Mmea unakufa kiu huku umesimama kwenye maji.

Pili, shina. Nyanya nilikuwa sina tena, lakini jirani wa pili alikuwa na mche uliolegea vile vile, akaniruhusu niung'oe. Nikakata kipande cha shina cha kama sentimita tano, karibu na ardhi. Nikachukua glasi ya kioo, nikajaza maji safi, nikakining'iniza kipande kwa uzi ili ncha ya chini iguse maji tu, isizame. Nikaiweka dirishani. Tulikuwa mimi na binti yangu wa darasa la nne. Hazikupita dakika tano, kwenye ile ncha ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama tone la maziwa linavyoshuka kwenye maji bila kuchanganyika. Ukafuatiwa na mwingine. Binti yangu akasema, "Mama, unatoa moshi." Wale ni bakteria. Huo ndio mnyauko bakteria, na ndiyo maana dawa ya ukungu haikufanya kitu. Wanakaa kwenye udongo miaka kadhaa, wanapenda joto na unyevu, na wanatembea na maji ya mvua, jembe na hata kandambili. Kwa hiyo El Niño iliwasambaza, na mimi Februari nikawapelekea chakula palepale walipo.

Tatu, mizizi. Nitaieleza kesho, mkono umechoka.

#5 Mchangiaji (Tabata)

Hiyo ya glasi sijawahi kuisikia na nimelima nyanya misimu minne. Ukiona maziwa unafanyaje? Kuna dawa?

#6 Mtoa mada (Kunduchi)

Dawa ya kutibu mche ulioshikwa hakuna mkuu, usije ukauziwa. Ng'oa mche na udongo wa mizizini, weka kwenye mfuko, utoe nje ya bustani. Usiutupe kwenye mboji. Jembe lioshe. Na hapo usipande tena nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo, hizo zote ni ukoo mmoja na ugonjwa unazijua zote. Mimi pale pa nyanya sasa kuna mchicha na mahindi ya kuchoma. Nyanya nimezihamishia kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini, zina udongo nilioununua mbali na hapa, na ndoo nimezipandisha juu ya matofali ili maji ya uani yasizifikie. Ziko nane tu. Zinatosha kachumbari.

#7 Mchangiaji (Kigamboni)

Dada mimi nakupinga kidogo kwenye chumvi. Huku kwetu visima vingi ni vya chumvi na mchicha tunamwagilia huo huo na unaota. Matembele ndiyo usiseme. Labda tatizo lako lilikuwa jingine.

#8 Mtoa mada (Kunduchi)

Asante kwa kunipinga, maana hapo kuna jambo nililifupisha. Chumvi inazidiana, kisima cha huku si cha kule. Halafu mmea mkubwa unavumilia kuliko mbegu na mche mchanga. Mchicha ukishafika kimo cha kiganja maji ya kisima unayameza, hata mimi sasa nayatumia. Mbegu ndiyo inayokataa. Kwa hiyo kitalu na wiki mbili tatu za mwanzo naipa maji baridi, yaani ya bomba au ya mvua, na baada ya hapo nachanganya ndoo moja ya kisima kwa mbili za maji baridi. Na mvua ikinyesha siigopi tena, namshukuru Mungu, maana kwenye mchanga mvua nzito inaisukuma chumvi chini haraka. Bila shaka ndiyo sababu masika yale miche yangu ilichangamka kabla sijaiua kwa mbolea.

Hebu niulize, unapomwagilia unamwaga kidogo kidogo kila siku au unamwaga mengi kwa mpigo? Nauliza kwa sababu maji ya chumvi yakimwagwa kidogo kidogo yanakauka juu na kuacha chumvi palepale mizizi ilipo.

#9 Mchangiaji (Kigamboni)

Mengi kwa mpigo, kila baada ya siku moja. Tunajaza mpaka maji yanasimama. Sikuwa najua sababu, ndivyo nilivyomkuta baba akifanya.

#10 Mtoa mada (Kunduchi)

Basi mzee alikuwa anaiosha chumvi kila alipomwagilia. Nimefurahi sana kulisikia hilo.

Naendelea na mizizi. Chukua mche unaodumaa, usiuvute kwa nguvu, mizizi itabaki ardhini. Chimba pembeni kwa jembe la mkono, uinue na udongo wake, uutumbukize kwenye ndoo ya maji, utikise taratibu mpaka udongo utoke wenyewe. Halafu tazama. Mizizi mizuri ni myeupe na ina vinyweleo. Ikiwa kahawia na inachubuka ganda ukiivuta, imeoza, maji yamezidi. Ikiwa na vinundu vinundu kama shanga, mzizi wenyewe umevimba, hao ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoingia ndani ya mizizi. Bamia yangu ilikuwa nayo upande mmoja wa uwanja, na sikujua mpaka nilipoinua mche.

#11 Mchangiaji (Mbagala)

Subiri kidogo. Kunde zangu zina vinundu hivyo na zimestawi vizuri tu. Nazo ni minyoo?

#12 Mtoa mada (Kunduchi)

Swali zuri sana, na mimi nilikaribia kung'oa kunde zangu kwa hofu hiyo hiyo. Kunde, maharage, karanga na njegere zina vinundu vyake vya heri, ndani yake mna bakteria wanaoitengenezea mimea naitrojeni kutoka hewani. Tofauti unaipata kwa kucha. Cha heri kimeganda ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kinadondoka, na ukikipasua ndani kina wekundu wa waridi. Cha minyoo hakidondoki, kwa sababu ni mzizi wenyewe umevimba. Kunde zako usizing'oe hata zikimaliza kuzaa. Kata juu, mizizi iache ardhini.

Sasa niwaambie nilichofanya mara ya sita, maana najua wengi mnasubiri hapo. Nilianza Septemba 2024.

Mchanga kwanza. Nilichimba inchi nane hivi, nikachanganya samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka imekuwa kama udongo, haina harufu, ukiifinyanga inavunjika. Toroli moja kwa kila tuta la hatua tatu. Mbolea ya kuku bado ninaipenda, ina nguvu, ila sasa nairundika na majani makavu na pumba ya mpunga, naipa unyevu, nageuza kila wiki, na siigusi kabla ya miezi mitatu. Kipimo changu ni mkono: ukitia mkono katikati ya rundo na kuna joto, haijaiva.

Tuta lenyewe. Nilikuwa nainua matuta mwaka mzima kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa shuleni kijijini kwetu, bara, kwenye udongo mzito. Kwenye mchanga wa Kunduchi kipindi cha kiangazi tuta lililoinuliwa linakauka kama kikapu. Sasa kuanzia Juni mpaka vuli zianze, na tena Januari na Februari, matuta yangu yamezama, yaani sehemu ya kupandia iko chini kidogo kuliko njia, maji yanabaki ndani. Masika ikikaribia nageuza, nayainua kwa kiganja kimoja na nusu ili maji yasisimame. Mkuu wa Kitunda, wewe mwenye tope huenda ukahitaji kuinua miezi mingi kuliko mimi.

Halafu matandazo. Hili ndilo lililopunguza kazi kuliko yote. Nyasi kavu, majani ya mwembe, na makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono, haya huku kwetu yanatupwa tu. Naweka unene wa vidole vinne kati ya miche, ila shingo ya mche naiacha wazi. Kabla ya hapo nilimwagilia mara mbili kwa siku. Sasa siku moja naruka, na udongo chini ni wa baridi hata saa nane mchana.

Maji. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga mfereji wa bati upande mmoja, nikanunua pipa la plastiki la lita 200, baadaye la pili. Watu hawajui mvua inabeba maji kiasi gani: paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20 tu, hiyo ya saa moja ya hapa Dar, ni lita 800 zinazomwagika mtaroni. Ningekuwa na simtanki ningelijaza mara nyingi tu masika.

Na mboga zenyewe. Niliacha kung'ang'ania kabichi na karoti nilizoletewa kutoka Lushoto. Kule ni mlimani, ni baridi. Joto la Dar la Januari kabichi haifungi. Sasa napanda zinazopenda kwetu: mchicha, matembele, bamia, majani ya kunde, nyanya chungu kwenye udongo safi. Mchicha siku 21 hadi 28 unang'oa. Matembele nilipata marando kwa jirani, nikayakata urefu wa mkono, nikayalaza, na hayajanidai kitu zaidi ya maji. Sukuma wiki na chainizi nazisubiri Juni mpaka Agosti, kipupwe, hapo zinapendeza sana.

#13 Mchangiaji (Mburahati)

Dada hongera, uandishi wako unasaidia. Mimi sina uwanja, ila kuna sehemu bondeni karibu na mto watu wanalima na wanakodisha vipande vya shamba kwa bei ndogo, maji yapo mwaka mzima. Nichukue?

#14 Mtoa mada (Kunduchi)

Ndugu yangu, kama ni kando ya mito ya mjini inayopokea maji ya viwanda na vyoo, kwa mboga za majani nakuomba usichukue. Tangu 1999 kuna utafiti uliochapishwa kuhusu mboga za kando ya mto Sinza na Msimbazi, ulipima madini mazito kama risasi na kadimi ndani ya majani yenyewe. Vijidudu utaviua kwa moto. Risasi haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na anayeumia zaidi ni mtoto. Siwalaumu wanaolima kule, ni riziki yao na wengi hawana pengine. Lakini wewe unachagua sasa.

Chukua viroba. Salfeti la kilo 50, udongo na samadi iliyoiva, katikati simamisha kopo lisilo na kitako ulijaze kokoto, vuta kopo juu kadiri unavyojaza, utabaki na nguzo ya kokoto ya kupitishia maji. Toboa pembeni, panda matembele na mchicha kuzunguka. Viroba hivyo vinakaa hata kwenye korido, mradi jua liingie saa tano au sita kwa siku.

#15 Mchangiaji (Kitunda)

Na wadudu? Sukuma yangu ina vile vya kijivu chini ya majani, vimejaa kama vumbi.

#16 Mtoa mada (Kunduchi)

Hao ni vidukari. Wakiwa wachache waponde kwa vidole au wapige maji ya nguvu kutoka chini. Wakizidi, majani ya mwarobaini, twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa khanga kuukuu, weka sabuni ya kipande kidogo iliyokwanguliwa, pulizia jioni chini ya jani. Rudia baada ya siku tano. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uziheshimu. Hizi mboga tunakula sisi na watoto wetu.

Na kuku wa mtaani wakivamia bustani, kinga ni wavu tu, hakuna njia nyingine.

#17 Mchangiaji (Tabata)

Wakuu narudi na mrejesho. Asubuhi hii nilikuwa na nyanya tatu zimelegea. Nimefanya ile ya glasi mbele ya mke wangu. Tumekaa robo saa nzima, maji yako safi kabisa, hakuna uzi wowote. Nilitaka nikimbilie kusema umekosea, lakini nikakumbuka mizizi. Nimeuinua mche kwa jembe nikauosha kwenye ndoo. Mizizi imejaa vinundu, vikubwa kama punje za mahindi, nimejaribu kuvisukuma kwa kucha havitoki.

#18 Mtoa mada (Kunduchi)

Hapana mkuu, hujanikosoa, umepata jibu lako. Hao ni minyoo fundo, siyo bakteria, na dawa ya ukungu usinunue, itakula hela bure. Mapema tu hivi ukijua una nafasi. Ng'oa hiyo mitatu na mizizi yake yote, ianike juani juu ya bati mpaka ikauke kabisa, usiirudishe ardhini. Eneo hilo likaushe kwa jua: lilime, limwagilie, lilime tena baada ya wiki, uwaache wakauke. Kisha ongeza samadi iliyoiva kwa wingi, na nyanya au bamia usipande hapo kwa sasa, weka mahindi au vitunguu.

Ila kabla hujafanya lolote, naomba kitu kimoja. Inua mche mmoja ambao haujalegea, ule ulio mbali kabisa na hiyo mitatu, uuoshe, uutazame.

#19 Mchangiaji (Tabata)

Nimeutoa sasa hivi wa kona ya ukutani. Mizizi myeupe, hakuna kinundu hata kimoja. Nimeurudishia ardhini nikaumwagilia. Kwa hiyo ni upande mmoja tu.

#20 Mtoa mada (Kunduchi)

Upande mmoja tu. Chora mstari hapo hapo kwa vijiti, na jembe la upande huu lisivuke bila kuoshwa. Tuambie hali ya ule mche wa ukutani Jumamosi.